Matofali au rangi tupu kwa kuta za nje?

Umeuliza kama kuta za nje za nyumba ya mwanasesere uliyoijenga kwa plaiwudi uzipake rangi tu au uzitengenezee matofali. Mimi ningeweka matofali upande wa mbele pekee. Kuzungushia nyumba nzima kunachosha, na kuta za nyuma hakuna anayezitazama.

Kwanza zipake kuta praima (rangi ya msingi inayotangulia) pande zote mbili, ndani na nje. Ukilowesha upande mmoja tu, plaiwudi nyembamba hupinda.

Matofali yakate kwenye mfuniko bapa wa boksi la mayai, lile la karatasi. Ule uso wake wa kukwaruza unafanana sana na udongo uliochomwa. Ikiwa kipimo chako ni 1:12, yaani kila kitu ni kidogo mara 12 kuliko halisi, tofali halisi la milimita 215 kwa 65 linakuwa takriban 18 kwa 5.5. Yabandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ukiacha mwanya wa milimita 1, na viungo vya mstari wa juu visiangukie juu ya vile vya chini. Paka rangi mbili tatu zinazokaribiana, ukizichanganya ovyo ovyo. Rangi moja tupu huua kila kitu.

Kuta zilizobaki, changanya rangi na mchanga laini uliochekechwa, upate lipu. Paa? Msasa mweusi unatosha.

Fremu za madirisha zipake kabla ya kuzibandika, na epuka rangi ya kung'aa: mng'ao haupungui pamoja na kipimo, hivyo huonekana mkubwa mno kwa nyumba ndogo. Kama watoto wataichezea, malizia kwa vanishi isiyong'aa.