Jibu: Bendi kongwe zipige vibao au nyimbo zilizosahaulika?

Mkuu, umeuliza bendi kongwe zikija huku Arusha zipige vibao tunavyovijua au zile zilizosahaulika. Mi nasema vibao kwanza ila sio usiku mzima. Bendi ya Msondo wapo tangu 1964 enzi wakiitwa NUTA Jazz, wenzao wa Sikinde tangu 1978, hazina yote hiyo halafu wazungushe nyimbo zilezile, inauma kwa kweli! Muziki wetu wa dansi ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, gita la solo linapanda, tarumbeta zinajibu, hapo nani anajali wimbo anaujua au haujui, hata mama aliyekaa na soda yake anainuka. Watu wakishachangamka wachomeke mbili tatu zisizopigwa redioni na wamtaje mtunzi, maana watunzi wengi wameshafariki, tusipozisikia stejini ndo basi tena.