Kalamu na karamu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Bhoke,

Umeniuliza kwa nini Marwa, darasa la pili sasa, anaandika "kura ugari", ilhali dada yake Ghati alipokuwa na umri huo imla haikumsumbua. Mwalimu amesema ni uzembe. Neno hilo usilikubali haraka.

Ghati amekulia huko Dar es Salaam. Marwa nilikaa naye hapa Tarime mpaka akatimiza miaka mitano, na Kikurya chetu hakitenganishi l na r. Kichanga huzaliwa na sikio linaloweza kupambanua hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Kabla hajamaliza mwaka, sikio limeshaanza kushika zile za kwao na kuziachia nyingine. Marwa anaandika anachosikia.

Mpime hivi. Chora kalamu kwenye karatasi moja, na kwenye nyingine sinia la pilau, umwambie hiyo ni karamu. Funika mdomo kwa daftari asione ulimi wako, taja mara kumi kwa kuchanganya, yeye aoneshe kwa kidole. Akibahatisha, sikio bado halijazitenga, na kumwandikisha neno mara hamsini ni kumchosha bure. Akipata zote, shida iko kwenye herufi. Hapo mazoezi ya kuandika yana faida.

Kama ni sikio, kaeni mbele ya kioo. Kwenye l ncha ya ulimi inatulia kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu. Kwenye r inagonga na kuachia. Mahali na mahari, kula na kura. Maneno machache kwa siku, basi.

Masikio yenyewe pia yakapimwe hospitali. Alipokuwa kwangu la kushoto lilitoa usaha mara mbili. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu, mtoto akasikia vizuri leo, kesho akasikia kwa mbali.

Nilipokuwa nafundisha darasa la kwanza, binti mmoja aliandika "buzi" badala ya mbuzi, "boga" badala ya mboga. Nilimchapa. Baadaye nikamsikia akiimba uwanjani, na mbuzi wake ana m kamili. Mdomoni ilikuwemo, hakuwa ameitambua kuwa ni sauti inayoandikwa. Kila nilipofungua daftari lake alikuwa ameshanyoosha mkono kungoja fimbo. Mkono ule bado nauona, Bhoke. Nenda kaonane na mwalimu wa Marwa wiki hii.

Ukishampima kwa zile picha, nipigie jioni uniambie alipata ngapi.

Mama yako