Naibu, kaimu na makamu: nilivyoyajua maneno haya kazini

Ndugu yetu aliyeteuliwa kuwa naibu mkuu wa ofisi huko Wete ameuliza kama naibu na kaimu ni kitu kimoja, na kama anaruhusiwa kutia saini barua wakati mkuu wake yuko Unguja. Nilikishika cheo hicho miaka tisa katika ofisi moja ya hapa Chake Chake, kwa hiyo nitajibu kwa yaliyonipata.

Maneno yote matatu tumeyapata kwa Waarabu, na naibu ni ndugu wa lile neno letu la "kwa niaba". Ofisini, hata hivyo, unaibu ni cheo unacholala nacho na kuamka nacho, ilhali ukaimu ni dhamana ya muda, yenye barua na tarehe yake, na anaweza kupewa mtu mwingine kabisa huku naibu yupo.

Hayo sikuyajua. Wiki yangu ya pili mkuu alipanda boti, nami nikaidhinisha malipo ya mafuta ya gari kwa kutia saini yangu juu ya jina lake, bila hata ya kuandika "k.n.y.", yaani "kwa niaba ya", pembeni. Mhasibu, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliirudisha hati ikiwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: "Saini ya nani hii?" Nilipokwenda kumweleza kwamba mimi ndiye naibu, alilifungua jalada taratibu, akanigeuzia, akauliza barua ya ukaimu iko ukurasa gani. Gari lilikaa siku tatu uani.

Makamu ndilo linalowapoteza wengi. Tangu mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 tunao Makamu wa Rais wawili, na kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi ni yule wa Pili, si wa Kwanza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho Mkuu wake ni Rais wa Zanzibar, lakini anayekiendesha kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye mgeni angemdhania msaidizi tu.

Basi, ndugu yangu, barua za kawaida zitie saini kwa "k.n.y." ukiwa umeagizwa, na uandike jina lako mwenyewe. Za fedha usiziguse mpaka barua ya ukaimu, hata ya mistari miwili, iwe imeshaingia masjala na nakala yake iko kwa mhasibu.