Bendi za chuo kwenye kikapu si kelele tu

Umeuliza kama bendi za vyuo kwenye mechi za kikapu Marekani zinasaidia chochote. Zinasaidia sana! Mpira ukiwa unachezwa bendi hairuhusiwi kupiga, kwa hiyo kazi yake iko pale kocha anapoomba mapumziko mafupi: matarumbeta yanalipuka papo hapo, mashabiki wanasimama, na timu iliyokuwa imeanza kulegea inapata nguvu upya. Kwenye mashindano makubwa ya vyuo ya kila Machi, kila chuo kinaruhusiwa wanamuziki 29 tu, lakini ukumbi mzima unawasikia.

Angalia yaliyotokea Machi 2024 kule Spokane, mji wa jimbo la Washington. Timu ya Chuo Kikuu cha Yale ilifuzu mashindano hayo, ila wanafunzi wao walikuwa likizo na bendi ikashindwa kusafiri. Bendi ya Chuo Kikuu cha Idaho, kutoka jimbo la jirani, ikajitolea. Vijana wale walijifunza wimbo wa Yale harakaharaka, wakavaa fulana za Yale, wakaupiga kwa moyo wote kana kwamba ni chuo chao. Yale wakaiangusha Auburn, timu ya chuo kingine iliyopewa nafasi kubwa zaidi ya kushinda, kwa 78–76. Siwezi kusema bendi ndiyo iliyofunga vikapu, lakini wachezaji wale hawakuwa wapweke ukumbini.