Baiti 256 za DOS si sawa na baiti 256 za Windows

Ndugu yangu, umeuliza mbona baiti 256 zinatosha demo nzima (programu ndogo ya kuonyesha picha na muziki) kwenye DOS, mfumo wa kompyuta uliokuwepo kabla ya Windows, ilhali kwenye Windows hazikutoshi hata kufungua dirisha. Kasoro si ufundi wako.

Faili ya COM, yaani programu ndogo ya DOS, haina kichwa, ile sehemu ya maelezo inayotangulia amri: baiti ya kwanza ndiyo amri ya kwanza. Andika B8 13 00 CD 10, baiti tano tu, na tayari una skrini ya nukta 320 kwa 200 yenye rangi 256. Zinabaki 251. Mimi huziandika daftarini kwa kalamu, jioni, kibarazani hapa Kibokoni, nikifuta moja moja; nikiokoa mbili nafurahi hadi kesho yake. Faili ya Windows nayo huanza na kichwa kinachokula mamia ya baiti, ndiyo maana huko wengi hushindana kwa kilobaiti 4 au 64. Kila mashine ina yake: Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, ina chipu yake ya sauti, SID, basi muziki hauli baiti nyingi.

Anza na DOSBox, programu inayoiga DOS kwenye kompyuta za leo. Kisha tafuta Memories, demo ya mtunzi HellMood, ya 2020: baiti 256, mandhari kadhaa zikifuatana, na muziki ndani yake. Ukikwama kwenye amri yoyote, ibandike hapa tuitazame pamoja.