Je, watoto watatu wanatosha kututunza uzeeni?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna watoto watatu. Mama mkwe anatusihi tuongeze, anasema watatu hawatatosha kututunza tukizeeka. Je, ana hoja?

JIBU: Anayosema ameyaona kwa macho yake. Enzi zake watoto walilima na kuchunga tangu wadogo, na wengi walifariki kabla ya kukua, kwa hiyo kuzaa wengi kulikuwa kinga. Mtaalamu wa idadi ya watu, John Caldwell, aliyefanya utafiti Nigeria, alieleza mwaka 1976 kwamba uzazi hupungua pale wazazi wanapoanza kuwagharimia watoto zaidi kuliko watoto wanavyowaletea. Ada za shule zimechangia sana hapo. Nchini Kenya wastani ulikuwa takriban watoto 8 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 ulikuwa 3.4.

Kwa hiyo usiongeze mtoto kwa hofu ya uzee. Saba wasio na mpango huwaacha wazazi na njaa, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameshatuma. Kinachookoa ni mpango, na uanze mkiwa bado na nguvu.

Watoto wakishajitegemea, waiteni kikao. Andikeni mahitaji ya mwezi: chakula, dawa, nauli ya kliniki, ujira wa msaidizi. Mgao ufuate kipato: anayepata mara mbili ya nduguye atoe mara mbili. Anayeishi nanyi, akawapikia na kuwaogesha, ameshachanga. Kumdai pesa juu ya hapo ni dhuluma, na mara nyingi anayedhulumiwa hivyo ni binti. Mshika fedha awe mmoja, hesabu zionwe na wote, na sehemu ndogo ya kila mchango iwekwe akiba ya kulazwa hospitali.

Ninyi nanyi msimpigie kila mtoto kwa siri kuomba pesa ya dawa ileile. Wakigundua, imani huvunjika na michango hukauka.

Ulizeni pia haki zenu serikalini. Zanzibar, kwa mfano, hulipa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016. Haitoshi kuajiri msaidizi, lakini hupunguza mzigo.

Nyumba na shamba vibaki kwa majina yenu wawili mpaka mwisho. Mtoto atakayerithi aandikwe kwenye wosia, asipewe hati leo.