Saa 16 kwa siku ni nyingi mno

Ndugu, umeuliza kama ni lazima uendelee kufanya kazi saa 16 kila siku, bila siku ya mapumziko, ili biashara yako changa isimame. Kujibana kwa muda mwanzoni ni jambo la kawaida, wala sikulaumu. Lakini Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, nawe umevuka mara mbili ya hizo 55. Kwa wiki mbili, andika kila unachofanya usiku, kisha utazame kipi kilileta mteja na kipi ulilazimika kukirudia asubuhi kwa sababu ya uchovu. Hicho cha pili kihamishie mchana, au umkabidhi mwingine.